Kitufe kinachoonekana lakini hakisikii

Mnaoandika majaribio ya mfumo mzima (programu inayojaribu tovuti kama mtumiaji, mwanzo hadi mwisho) mtanielewa.

Tuna jaribio moja la malipo. Kwenye laptopu linapita kila mara. Kwenye seva inayoendesha majaribio yetu, leo linapita, kesho linaanguka. Timu imeshazoea: likianguka, linarudiwa tu mpaka lipite. (Tabia hiyo huwa siipendi.)

Leo nimefungua rekodi ya Playwright, zana inayoendesha kivinjari kwenye majaribio yetu, nikaitazama hatua kwa hatua.

Ukurasa unafunguka.
Kitufe cha "Lipa" kinatokea.
Jaribio linakibonyeza.

Kimya.

Hakuna ombi lililotoka. JavaScript ya ukurasa (msimbo unaofanya vitufe vifanye kazi) ilikuwa bado haijamaliza kupakiwa, kwa hiyo kitufe kipo machoni lakini nyuma yake hakuna kinachosikiliza. Seva ile huenda polepole kuliko laptopu zetu, ndiyo maana iliona tusichokiona sisi.

Na mteja mwenye intaneti ya kusuasua je? Naye anabonyeza weee, hola!

Kuna aliyependekeza tuongeze sekunde 5 za kusubiri. Hapana jamani, huko ni kumziba shahidi mdomo. Tumekizima kitufe mpaka ukurasa uwe tayari, na Playwright yenyewe husubiri kiwashwe ndipo ibonyeze.

Kwenu majaribio ya namna hii mnayarudia, mnayafuta au mnayachunguza? Semeni ukweli 😅