Husuni Kubwa: kasri lililopimwa kwa boriti

Ukifika Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, usikimbilie lile bwawa la pembe nane ambalo kila mgeni hulipiga picha. Anza na upana wa vyumba. Kasri lina vyumba zaidi ya 100, na karibu vyote ni virefu na vyembamba: mita 2.5 hadi 3, ukuta hadi ukuta. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyelijenga mwanzoni mwa karne ya 14, hakukosa mali. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ilipitia kwake. Kilichombana ni boriti, miti ya mkoko iliyobeba dari. Mkoko ukibebeshwa dari ya mawe, ukavuka zaidi ya hapo, hupinda.

Njia rahisi ya kupata nafasi kubwa ilikuwa kuiacha wazi juu, na ndiyo sababu kasri zima limepangwa kwa nyua. Kusini ni ua mpana wa biashara, umezungukwa na ghala. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo faragha inavyozidi: ua wa baraza wenye ngazi pana, bwawa, kisha makazi ya Sultani ukingoni mwa jabali, yakitazama bahari. Husuni maana yake ngome, lakini kwa ulinzi hasa kasri hili ni dhaifu. Ukuta mnene wenye minara uko kwa jirani yake, Husuni Ndogo.

Waashi walitumia matumbawe ya aina mbili. Ya kuta yalichimbwa nchi kavu. Ni magumu, hayachongeki vizuri, kwa hiyo yalipangwa ovyo ndani ya chokaa nyingi na kufichwa kwa lipu. Ya miimo ya milango, zidaka na mapambo yalitolewa baharini yakiwa mabichi. Jiwe bichi hukatika kirahisi. Likikaa juani hukaza, na aliyechelewa kulichonga ataumia.

Chokaa nayo ni matumbawe, yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yaive. Haraka hapa ni hasara: punje ambayo haikuzimika hufura baadaye ndani ya ukuta na kuibandua lipu.

Dari ya kawaida ilikuwa boriti, juu yake vibao vya matumbawe, kisha zege la chokaa na kokoto lililopondwa hadi likashikana, unene wa shubiri au zaidi. Uzito huo wote ulitegemea ncha za boriti zilizozama ukutani, na ncha ndizo huoza kwanza. Lipu ya juu ikipasuka, maji hufuata mti, dari huanguka, kichwa cha ukuta hubaki wazi kwa mvua na mizizi.

Anayekarabati leo asipeleke saruji. Ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na hufungia unyevu ndani, hivyo jiwe la zamani humeguka nyuma ya kiraka kizima. Atumie chokaa iliyoiva, mchanga uliooshwa chumvi, tabaka nyembamba, na kila tabaka linyunyiziwe maji lisikauke ghafla.