Siku yangu ya fundi wa intaneti Dar: kubadilisha ruta bila kuwakatia watu mtandao

Saa 12:30 asubuhi. Nakagua begi kabla ya chai. Kipimo cha mwanga wa faiba, waya za LAN, pini, spiriti na kitambaa, adapta za volti 9 na 12. Hizo adapta ndizo watu wanazozichanganya: kichwa kinaingia vizuri tu, ila umeme sio wake.

Saa 2:00, Sinza. Mwanachuo, ruta ya laini ya simu. Laini inatoka huku inaingia kule, nahakikisha APN (jina la njia ya intaneti la kampuni ya simu), naaga. Kazi zingekuwa hivi zote ningekuwa nalala mchana.

Saa 4:00, Mbezi Beach. Hapa ndipo kwenye kazi. Dada mwenye nyumba anafanyia kazi nyumbani na ana kikao cha mtandaoni saa 6. Kuna runinga, kamera za getini, watoto na simu zao. Namsalimia bibi shikamoo, dada ananikaribisha kwa onyo: "Fundi, ukinikatia kabla ya kikao tutakosana."

Ruta ya zamani naiacha inawaka. Wengi huanza kwa kuichomoa, halafu ndio wanakumbuka kwamba kila wanachokihitaji kimo ndani yake. Nafungua ukurasa wake kwa simu, anwani 192.168.1.1, napiga picha mipangilio: aina ya muunganisho, jina la akaunti ya PPPoE (ndiyo ruta inayoingilia kwa mtoa huduma), namba ya VLAN (njia ya intaneti ndani ya waya). Neno la siri la PPPoE linaonyesha nukta tupu, na nukta hazimsaidii mtu. Dada anapiga simu huduma kwa wateja kuliuliza, maana akaunti ni yake. Namwomba aulize na la pili: akaunti imefungwa kwa namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya ruta hii? Jibu ni ndiyo. Basi namba hiyo nitainakili kwenye ruta mpya. Bila hivyo tungekaa tunaitazama taa nyekundu na kila kitu kimeandikwa sawasawa.

Ruta mpya naiwasha pembeni, haina waya wa intaneti. Haihitaji intaneti kupangwa. Naingia kwa WiFi yake yenyewe. Naandika PPPoE, VLAN na MAC, nabadilisha neno la siri la msimamizi ililotoka nalo kiwandani. Jina la WiFi naweka la muda, ili simu za nyumba nzima zisianze kuhangaika kati ya ruta mbili.

Sanduku la faiba ukutani siligusi. Limesajiliwa kwa mtoa huduma kwa namba yake. Ukinunua lako dukani ukachomeka bila kusajiliwa, litawaka tu bila kukupa kitu. Ule waya wake mwembamba wenye kichwa cha kijani nao haupendi kukunjwa.

Saa 5:10. Dada anahamishia kompyuta kwenye hotspot ya simu yake. Nabonyeza kukata muunganisho kwenye ukurasa wa ruta ya zamani, ndipo nachomoa. Sababu ni kwamba watoa huduma wengine wanaruhusu ruta moja tu kwa akaunti: ukiing'oa ghafla, seva inadhani bado imo na mpya inakataliwa mpaka muda upite. Waya mmoja unahama, unaingia tundu la WAN, la kupokelea intaneti, la ruta mpya. Taa inakuwa chungwa, inawaza, inakuwa kijani.

Sasa narudisha jina la WiFi na neno la siri vilevile vya zamani, herufi kwa herufi, maana "Nyumbani" na "nyumbani" ni WiFi mbili tofauti. Runinga inarudi yenyewe, kamera zinarudi, mtoto chumbani hajui kama kuna kilichotokea. Dada anafungua kikao cha majaribio, anajiona usoni, anaenda kutafuta shanga za shingoni.

Saa 8:00. Wali maharage kwa mama ntilie. Mteja mmoja anapiga simu: taa ya LOS, ya kuonyesha mwanga wa faiba umekatika, ni nyekundu. Hapo hata ukibadilisha ruta kumi ni bure, mwanga wenyewe haufiki. Namwambia aripoti kwa mtoa huduma wake.

Saa 9:30, Tabata. Duka la vifaa vya ujenzi. Ruta mpya waliifunga wenyewe jana, simu zinashika, printa na kamera zimegoma. Nakuta usalama wa WiFi umewekwa WPA3 peke yake, aina mpya ambayo vifaa vingi vya zamani haviijui. Nabadilisha uwe mchanganyiko wa WPA2, ile ya zamani, na WPA3, printa inashika. Kamera bado. Hizi zinajua masafa ya WiFi ya GHz 2.4 tu, na wao walikuwa wameyazima wakidhani GHz 5 ndiyo bora kwa kila kitu. Nayawasha, nayapa chaneli ya 6 kwa kuwa jirani wamejazana kwenye 1 na 11. Picha ya stoo inatokea.

Mzee mwenye duka anataka ruta ya zamani iende Kariakoo ikauzwe leo leo. Namwambia, "Mzee, ikae kwanza wiki moja, hii mpya ikizingua una pa kurudia." Hataki. Basi natoa pini, naishikilia kwenye kitundu cha kufuta mpaka taa zote zizime na kuwaka upya, maana neno la siri la duka lilikuwa bado limo humo.