Fidla Tupu kutoka Bukoba hadi Ndeeba

Fidla ambayo haijapakwa vanishi haina kinga yoyote. Jasho la kiganja huingia kwenye mbao, mvuke wa chai huingia, vumbi la barabara huingia na halitoki mpaka ukwangue. Kwa hiyo wengi walinisihi nisiisafirishe ya kwangu ikiwa nyeupe vile, niimalizie nyumbani. Lakini Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na vanishi ya spiriti tunayopaka kwenye viti na makabati huku kwetu hushika ukungu mweupe kabla haijakauka. Spiriti inapopaa huondoka na joto, uso wa mbao unapoa, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa humo humo. Kabati utalipiga msasa upya. Uso wa fidla una unene wa milimita tatu hivi, na kila unapoukwangua unaibadilisha sauti.

Huko Kampala yupo Mzee mmoja, Mnubi mzaliwa wa Bombo, fundi vitanda wa Ndeeba. Akishafunga karakana jioni hutengeneza fidla kwa mapenzi tu, kama mimi. Tulikutanishwa na mpiga fidla wa kwaya anayetufahamu sote wawili, na kwa muda mrefu tulikuwa tukizungumza kwa simu, yeye na Kiswahili chake cha Bombo, mimi na changu cha Kagera, kuhusu gundi, patasi na unene wa mbao. Alikuwa anapika vanishi ya mafuta. Aliponiambia, "Kijana wangu, njoo nayo mwezi wa sita, jua likiwa zuri," nikatengeneza sanduku la plaiwudi, nikaizungushia fidla khanga mbili na kuondoka.

Niseme kidogo kuhusu fidla yenyewe. Vitabu vyote vinataka uso wa spurusi na mgongo wa mepo, miti ya Ulaya ambayo kwetu haioti. Uso wa yangu ni podo, na mgongo pamoja na mbavu, yaani kuta za pembeni, ni mringaringa. Podo ina nyuzi za mbao zilizonyooka na inachongeka vizuri, ila ni nzito kidogo kuliko spurusi, na mistari yake ya ukuaji haionekani wazi, kwa hiyo macho hayakusaidii kusoma mbao. Unaigonga na kusikiliza. Mwili una urefu wa milimita 355, kipimo cha kawaida. Mbavu nilizikunja juu ya bomba la chuma lililopashwa moto, kila ubavu ukiwa na unene wa milimita moja tu, na kila kiungo kimeshikwa kwa gundi ya ngozi.

Barabara ya kutoka Bukoba huvuka mto Kagera pale Kyaka na kupanda hadi Mutukula. Kulia kwako, mbali kidogo, ndiko uliko msitu wa Minziro, unaoungana na misitu ya Sango Bay upande wa Uganda. Podo hukua huko kwenye tambarare yenye majimaji, jambo la ajabu kwa mti ambao kwingine Afrika Mashariki hupenda milima. Mpaka umepita katikati ya msitu, miti ikabaki pande zote mbili.

Mutukula mkaguzi aliniomba nifungue sanduku.

"Hiki nini, ndugu?"

"Fidla, mkubwa. Bado kupakwa vanishi."

"Umenunua wapi?"

"Nimeichonga mwenyewe."

Akamwita mwenzake aje kuona. Walitaka kujua kwa nini haina nyuzi, nikawaeleza kwamba nyuzi huja mwishoni, baada ya vanishi kukauka. Yule wa kwanza alifuta viganja vyake kwenye suruali kabla ya kuigusa, na sikuwa nimemwomba. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Toka hapo ni teksi, ile ya abiria kumi na wanne, sanduku mapajani. Kyotera, Masaka, Lukaya na nyama choma zake barabarani, halafu kinamasi cha Katonga. Nilishuka Kayabwe, mahali barabara inapokata ikweta. Wenzangu walipiga picha kwenye zile duara nyeupe za saruji. Mimi nilikuwa nalifikiria jua.

Mbao mpya ya podo ni ya njano iliyopauka. Ukiipaka vanishi hivyo hivyo, rangi hutoka baridi, haina uhai. Inabidi ianikwe kwanza mpaka igeuke dhahabu, na vanishi ya mafuta nayo hukauka kwa kuvuta oksijeni huku ikisaidiwa na miale ya urujuanimno. Mafundi wa Ulaya hujenga kabati zenye taa maalumu kwa sababu wakati wa baridi jua lao halitoshi. Sisi tunalo Januari hadi Desemba. Nimesikia mara nyingi kwamba kutengeneza fidla hapa kwetu ni kujisumbua, kwamba tumekosa kila kitu. Sikubaliani kabisa na maneno hayo. Kitu kimoja ambacho vanishi haiwezi kukikosa, sisi tunacho bila kulipa umeme.

Hata wakubwa wa kazi hii walilitegemea jua na kuliogopa. Agosti 1708 Antonio Stradivari, kule Cremona, alimwandikia mteja akiomba radhi kwamba fidla imechelewa. Sababu ilikuwa vanishi, na nyufa ambazo hakutaka jua lizifungue. Mtu huyo ndiye anayesemwa kuwa alikuwa na siri. Mwaka 2009 watafiti wa Paris walichapisha uchunguzi wa ala zake tano za muziki: tabaka la kwanza ni mafuta yanayokauka, la pili ni mafuta na ulimbo wa misonobari, na ndani yake rangi nyekundu kidogo, nyingine ikiwa oksidi ya chuma. Hakuna kaharabu, hakuna gundi ya nyuki. Ni vitu ambavyo mchoraji yeyote wa picha wa zama zile angevipata dukani.

Kituo nilichokuwa nakitamani zaidi ni Mpambire, jirani na Mpigi, kijiji cha watengeneza ngoma wanaojulikana kwa ngoma za Kabaka, mfalme wa Buganda. Ngoma zimepangwa kando ya lami kuanzia ndogo za kushika mkononi hadi zile zinazomfika mtu kifuani. Ukipita nyuma ya vibanda ndipo kazi ilipo: magogo, tezo, ngozi zilizowambwa juani kwa vigingi, na harufu ya ngozi inayokufuata hadi nguoni.

Fundi mmoja alikuwa anatoboa gogo la mukebu, mti ule ule ninaouita mringaringa. Nikamwonyesha mgongo wa fidla. Aliacha tezo, akaugonga kwa kifundo cha kidole katikati, kisha pembeni, kisha katikati tena, sikio karibu.

"Ssebo, huu umekaa muda gani baada ya kukatwa?"

"Miaka mitano, labda zaidi. Niliukuta kwa marehemu fundi wa milango."

Alitikisa kichwa. Wao huchonga gogo likiwa bichi, maana bichi ni laini kwa tezo, kisha hulikausha kivulini polepole lisipasuke. Mimi sithubutu. Mbavu za milimita moja zikikatwa kwenye mbao bichi, mwezi ukiisha zimejikunja na kuachana na gundi. Lakini kivuli chake nilikichukua kama somo: mti ule ule unaohitaji jua kwa rangi unahitaji kivuli ili usipasuke, na fundi ni yule anayejua saa ya kuutoa na saa ya kuurudisha. Nilikaa pale kuliko nilivyopanga. Aliniletea endingidi, fidla ya Waganda yenye uzi mmoja na kichwa cha ngozi, akaipiga kidogo. Uzi mmoja, na wimbo mzima umo. Upinde wake hupakwa ulimbo kama upinde wangu.

Nilifika Ndeeba jioni. Ndeeba yote ni mbao: marundo ya musizi, mvule, misonobari, na misumeno inayolia hadi magharibi. Mzee alinipokea mlangoni, akanawa mikono ndipo akafungua sanduku, akaigeuza fidla kwenye mwanga na kupitisha kidole kwenye kila ukingo. "Mbavu umezikunja vizuri," akasema. Kisha akaniuliza habari za nyumbani.

Vanishi hupikwa uani, haipikwi ndani hata siku moja. Kolofoni, yaani ulimbo wa misonobari uliokwisha kutolewa tapentaini, Mzee huitoa kwa jamaa mwenye shamba la misonobari Nakasongola. Huiyeyusha kwenye sufuria nzito ya chuma juu ya sigiri ya mkaa, moto mdogo, saa nyingi, leo na kesho tena, mpaka igeuke rangi ya chai kavu. Mafuta ya kitani hupashwa peke yake kisha huongezwa kidogo kidogo, uzito sawa kwa sawa. Mfuniko uko karibu na ndoo ya mchanga pembeni, maana mvuke ule ukishika moto maji hayauzimi, huutawanya. Tone likidondoshwa kwenye kioo na kuvutwa kati ya vidole viwili likatoa uzi, imeiva. Tapentaini ya kulegezea huingia baadaye kabisa, sufuria ikiwa imepoa na sigiri imeondolewa.

Hapo tukabishana. Mzee alitaka mafuta matupu yawe tabaka la kwanza, kama ilivyoonekana Paris. Mimi niliogopa podo itanywa mafuta na kuwa nzito. Tukajaribu kwenye vipande vilivyobaki. Kwenye podo mafuta yaliingia kwa madoa, yakazama zaidi pale nyuzi zinapojitokeza kwenye mkunjo wa uso. Kwenye mringaringa yalifanya maajabu: mbao iliamka, mawimbi yake yakawa yanatembea ukiigeuza. Basi mgongo ulipakwa mafuta na kufutwa hadi karibu yote yatoke, na uso tukauziba kwa shelaki, ambayo nayo ni vanishi ya spiriti, nyembamba mno, saa saba mchana, siku ambayo hewa ilikuwa kavu, na ukungu haukutokea.

Rangi ilitoka kwenye udongo. Barabara nyekundu za Buganda ni nyekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma. Mzee huuosha udongo, huacha mchanga utulie chini, humwaga maji yenye rangi kwenye chombo kingine na kukausha kinachobaki, kisha husaga juu ya kioo pamoja na tone la mafuta. Kiasi kidogo tu, ukizidisha unaifunika mbao. Tulipaka Jumapili, mashine zikiwa kimya na vumbi limetua. Mzee hatumii brashi. Hupaka kwa kiganja, akipigapiga mpaka vanishi isambae isiyozidi unene wa unywele. Fidla ikaning'inizwa kwa waya asubuhi na alasiri. Adhuhuri ilirudishwa kivulini, kwa sababu gundi ya ngozi hulegea kwa joto kali. Mjukuu wake alipewa kazi ya kuangalia mawingu ya upande wa ziwa, na aliifanya kwa uaminifu kuliko mtu mzima.

Baada ya matabaka machache, na siku za kutosha kati ya moja na jingine, tulisimamisha nguzo ya sauti ndani, kijiti kinachobanwa kati ya uso na mgongo, tukaweka daraja linalobeba nyuzi, na nyuzi nne zenyewe. Mzee ndiye aliyeipiga kwanza. Nilitaka nisikie nikiwa mbali nayo. Uzi wa G, wenye sauti ya chini kabisa, ni mnene na una joto, mzuri kuliko nilivyotarajia kutoka kwa podo. D na A zinasikika sawasawa. E, ule wa juu kabisa, bado ni kali, inachoma kidogo ukipanda juu. Mzee anadhani nguzo iko karibu mno na daraja. Mimi nadhani uso umebaki mnene upande wa kulia, chini ya tundu la sauti. Tulikubaliana nianze na nguzo, maana hiyo inasogezwa bila kufungua kitu, robo milimita kwa wakati mmoja. Kipande kingine cha podo nimekwisha kukipata, kikavu na chepesi zaidi, na uso wake nitauanza ukiwa mwembamba zaidi upande huo.