Zege la slagi, simu na mafundi wangu

Nilipokabidhiwa usimamizi wa jengo lililotakiwa kufikia kaboni sifuri, nilidhani kazi kubwa itakuwa paneli za jua. Modeli ya kidijitali ya jengo ilinionyesha vingine. Programu ilipojumlisha kaboni dioksidi inayotolewa katika kutengeneza kila nyenzo, msingi na slabu ndivyo vilivyoongoza, na hewa hiyo hutoka kabla hata mtu hajahamia.

Chanzo ni klinka, yaani vibonge vinavyosagwa kuwa saruji. Mawe ya chokaa huchomwa tanuruni hadi nyuzi joto 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi hutoka ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye moto unaolichoma. Mhandisi wetu akapunguza nusu ya saruji ya kawaida, mahali pake akaweka slagi iliyosagwa, yaani mabaki ya tanuru la chuma. Hesabu kwenye skrini ikashuka, nikafurahi.

Furaha ilikatika kwenye slabu ya kwanza. Mafundi walivua mbao za pembeni kwa siku walizozizoea, kingo zikamomonyoka. Zege la slagi hukomaa polepole mwanzoni. Mimi nilijua, wao sikuwaambia.

Nikasimamisha kazi siku nzima, tukafanya darasa palepale saiti. Tulimwaga vipande vya majaribio vya aina zote mbili, navyo vikapondwa maabara siku ya 7 na ya 28, mafundi wakiwepo. Siku ya 7 vya slagi viliachwa mbali. Siku ya 28 vilikaribiana sana na vile vingine. Baada ya hapo sikuhitaji kumshawishi mtu.

Kisha tukaanza kufunga vihisi vya joto kwenye nondo kabla ya kumwaga. Simu husoma joto la zege saa baada ya saa na kukadiria nguvu iliyofikiwa, mradi mchanganyiko huohuo uwe umepimwa maabara kwanza. Wengi hulisahau hilo, na bila hilo grafu ni pambo tu. Kumwagilia maji nako tulikurefusha, maana slagi ikikauka mapema haimalizi kazi yake.

Kwenye slabu ya tatu, fundi ambaye hakuwahi kugusa programu yoyote ya ujenzi alinitumia picha ya grafu alfajiri: "Mkuu, leo tusivue, bado haijafika." Tukasubiri siku mbili zaidi. Mbao zilipotoka, kingo zilikuwa nzima kuanzia kona hadi kona.