Siku moja juu ya korongo: kazi ya kuzuia udongo wa Kigoma usiishie ziwani

Saa 12 asubuhi. Kigoma jua huchelewa kutoka kuliko Dar, kwa hiyo kipima mvua nakisoma kwa tochi. Usiku umeshuka milimita 34. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1; bati la nyumba ya mita 8 kwa 10 basi limemwaga lita 2,720, mapipa 13 ya lita 200 na ushei. Nyumba 40 kwenye mteremko mmoja zimemwaga zaidi ya lita 100,000, na hapo nyua zilizofagiliwa zikakauka kama sakafu hazijahesabiwa. Korongo linalokula uwanja wa mtu wa chini limeanzia kwenye mabati ya majirani zake wa juu. Ndiyo maana kazi yetu huanzia juu.

Saa 1 na nusu. Ukaguzi wa vizuizi vya mawe, kuta fupi tulizozipanga ndani ya korongo kupunguza kasi ya maji. Kimoja kati ya sita kimezungukwa: mawe yote yapo, ila maji yamechimba ubavu wa kushoto na kupita pembeni. Kosa linaonekana ukichuchumaa tu. Mgongo wake umejengwa sawasawa kama ukuta. Kizuizi kinatakiwa kikae kama mtumbwi ukiutazama ubavuni, katikati pawe chini ya ncha kwa sentimita 20 hadi 30, ili maji yapite katikati ya korongo. Ncha zenyewe ziingie nusu mita ndani ya kingo. Chini yake, mahali maji yanapodondokea, panatandikwa mawe kwa urefu wa mara moja na nusu ya kimo cha kizuizi, la sivyo maji yatachimba shimo na ukuta utaangukia humo.

Umbali kati ya kizuizi na kizuizi haukisiwi. Mgongo wa kile cha chini ulingane na kitako cha kile cha juu. Korongo likishuka mita 1 kila baada ya mita 10, vizuizi vya kimo cha sentimita 60 vinakaa mita 6 kwa 6. Viroba vya mchanga ni vya dharura tu: jua huvichoma, vikapasuka, na mchanga wote ukaenda na maji.

Saa 3. Kupima kontua, yaani mstari unaopita sehemu za kimo kimoja kwenye mteremko. Chombo chetu ni miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu kama herufi A, mti mmoja wa kukingama, na timazi ya kamba na jiwe. Kabla ya kukitumia, kisimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama, kisha kigeuze miguu ibadilishane mahali palepale na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Wengi huruka hatua hii, mstari wao ukaegemea upande mmoja, na mtaro uliokusudiwa kutuliza maji ukageuka mfereji wa kuyakimbiza. Upepo ukivuma, subiri kamba itulie.

Kwenye mstari tunapanda vetiva, nyasi ya kushika udongo. Kila mche uwe na machipukizi matatu, majani yakatwe yabaki sentimita 20, na nafasi iwe sentimita 10 hadi 15. Mwaka wa kwanza pengo moja la nusu mita linaharibu mstari mzima, kwa sababu maji yote hukimbilia hapo. Kuziba mapengo ndiyo kazi yenyewe. Usiipande kivulini. Mikaratusi kingo za korongo siishauri kabisa, chini yake ardhi hubaki wazi.

Saa 6 mchana. Bibi mwenye nyumba ya juu ametuita kuhusu shimo la kunyonyea maji ya bati lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Hilo shimo mlichimbe hapa karibu, maji yasitembee."

Anapoonyesha ni hatua mbili kutoka msingi wa nyumba. Tunamweleza: angalau mita 3 kutoka msingi, mbali na choo, na kamwe si ukingoni mwa mteremko mkali, kwani udongo ukilowa kwa ndani huporomoka kipande kizima. Shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 1 na nusu, lina nafasi ya lita 1,500, lakini likijazwa mawe hubaki na lita 500 au 600. Kwa mvua ya jana bati lake lingelijaza mara nne na zaidi. Kwa hiyo kwanza simtanki, kisha shimo, na mwisho njia ya maji ya ziada iliyotandikwa mawe. Amekubali, ila mwembe wake tusiuguse. Haukuwa na haja ya kuguswa.

Saa 8. Ugali wa muhogo na dagaa.

Saa 9. Ufukweni, mdomo wa korongo. Maji ni mekundu, na mawe ya pembeni yamefunikwa tope laini ukiyapapasa. Samaki wadogo wa kwenye mawe hula ukoga unaoota juu ya jiwe; tope likiuziba, hawana malisho. Na Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutoa maji, Lukuga, upande wa Kongo. Mengine hupaa kwa jua, tope likabaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 za ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu au za kuharibu, lakini mita hizo haziwezi kuchuja kilichoporomoka kilomita nzima juu yake.

Saa 10 na nusu. Ramani ya viwanja vipya. Hapa ndipo ninapobishana kwa moyo wote. Barabara imechorwa kwa rula, wima kutoka bonde hadi kilele. Barabara ya udongo ya namna hiyo ni korongo linalosubiri mvua. Ifuate kontua ipande kwa kuzunguka. Viwanja vikae kwa upana kukabili mteremko. Na mkondo wa asili wa maji uachwe wazi, usigawiwe mtu. Kubadilisha mstari kwenye karatasi ni kazi ya alasiri moja. Baada ya nyumba kujengwa, ni fidia.

Saa 12 jioni. Mawingu yametanda upande wa Kongo. Kizuizi cha asubuhi tumekishusha katikati, ncha zimeingizwa kwenye kingo, mawe ya chini bado nusu. Tumemaliza kuyapanga kwa mwanga wa simu. Kipima mvua kimemwagwa na kurudishwa kwenye nguzo.