Mdomo wangu uliwadanganya

Utotoni kwetu Muheza nilikuwa naongea kama cherehani. Mgeni akiingia, kabla hajapewa maji nimeshamsimulia habari za mtaa mzima. Basi ukoo ukanigawia kazi mapema: babu alisema wakili, shangazi akasema mtangazaji wa redio. Hakuna aliyejali kwamba jioni nilijitenga nyuma ya nyumba, napanga visoda kwa rangi, nahesabu, navuruga, naanza upya.

Nilipomaliza kidato cha nne mjomba alinitafutia kibarua cha kusajili laini za simu, chini ya mwavuli pale stendi. "Kwa mdomo huo utauza mpaka mwavuli." Nilidumu miezi minne, na mwavuli niliuacha. Kuongea hakukunichosha. Kilichonimaliza ni kumwita mtu nisiyemjua, anipite kama nguzo ya umeme, halafu nimwite anayefuata kwa tabasamu lilelile, kutwa nzima. Mwenzangu alikuwa mkimya, maneno yake ya kuhesabu, na aliuza mara mbili yangu. Akikataliwa ni kama mvua imenyesha kwa jirani.

Sasa nina mwaka wa tisa maabara. Tone la damu kwenye slaidi, limepakwa rangi ya Giemsa, tone la mafuta juu yake, jicho kwenye hadubini. Nahesabu vimelea vya malaria mpaka chembe nyeupe zifike 200. Idadi ya vimelea nagawa kwa 200, nazidisha kwa 8,000, yaani makadirio ya chembe nyeupe kwenye mikrolita moja ya damu. Vimelea 50 maana yake 2,000 kwa kila mikrolita ya damu. Nikipoteza hesabu naanza upya, wala sikasiriki. Ni visoda vilevile.

Zamu moja ya usiku, wagonjwa wametulia, nilijaza dodoso linalotokana na kazi ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetoa nadharia yake ya namna watu wanavyochagua kazi mwaka 1959. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa jeshini akihoji askari, akaona watu wanaangukia mafungu machache tu. Baadaye akayafanya sita: watu wa kazi za mikono, wachunguzi, wasanii, wasaidiaji wa watu, watu wa biashara na uongozi, na wapenda utaratibu. Hakufungii kwenye moja. Unapewa matatu yaliyokuelemea zaidi. Mimi nilitoka mchunguzi, kisha utaratibu, kisha watu. Biashara ilikuwa mkiani kabisa. Nilimkumbuka mjomba nikacheka peke yangu.

Maswali yenyewe ndiyo yaliyonikamata. Hakuna lililouliza kama mimi ni mwongeaji. Yote yaliuliza: ungependa kufanya hili? Na lile je? (Tusidanganyane, bila alama zangu za Kemia na Biolojia, uchunguzi wangu ungeishia kwenye visoda.)

Mwaka huu mpwa wangu yuko kidato cha nne. Mkimya huyo, salamu yake unaitega sikio. Shangazi zake wameshapitisha: mhasibu. Sikubishana nao, nikamwambia aje kazini Jumamosi moja. Kwenye hadubini alichungulia kidogo, akasema, "Nimeona, mjomba," akatoka. Baada ya robo saa nikamfuata. Nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa, kampakata mtoto wa watu, anamwelekeza mama yake kwa sauti ya chini namna ya kukifunga kile kikopo cha choo kisivuje.