Jina la duka la mzee wa Keko

Jumamosi, usiku.

Leo nimeshinda Keko, kwenye karakana ya mzee mmoja anayetengeneza vitanda. Nimerudi na vumbi la mninga kwenye kompyuta, na moyo mzito.

Aliniita juzi akasema tovuti yake imekufa. Nikadhani ni yale ya kila siku, WordPress, programu inayoendesha tovuti, haijasasishwa miaka, kitu kimegoma, nusu saa nimemaliza. Kumbe nilipolitafuta jina lake la .co.tz, yaani anwani ya tovuti, kwenye rejista ya majina hayo, muda wake ulikuwa umekwisha. Ada ya kulipia mwaka mwingine ni ndogo kabisa ukilinganisha na bei ya kitanda kimoja. Tatizo, akaunti si yake. Kijana aliyemjengea aliisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, na sasa hapatikani kwenye simu.

"Mwanangu, si nilimlipa?"

Akafungua droo akanitolea kitabu cha risiti. Anwani ya tovuti imechapwa chini ya kila karatasi, kwa wino wa bluu. Imo pia kwenye bango la mlangoni. Nikamwambia, mzee, ni kama pesa ya kiwanja ulitoa wewe, lakini hati iliandikwa jina la mwenzio. Hakujibu. Alichukua msasa akaendelea kusugua kichwa cha kitanda cha sita kwa sita, polepole, sehemu ileile.

Siwezi kumhukumu yule kijana, kwa sababu nilipoanza kazi hii nami nilifanya hivyohivyo. Mteja hana barua pepe, au anayo na nywila kaisahau, nawe unataka umalize ulipwe nusu iliyobaki. Unaweka ya kwako, mambo yanakwenda. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini siku ukipata ajira, au ukaugua, au ukabadilisha namba, duka la mtu linafungwa na mwenyewe hana habari. Nilipolitambua hilo nilikaa siku mbili nikiwapigia wateja wangu wa zamani mmoja mmoja, nikiwahamishia majina yao. Wengine waliniuliza kwani kuna nini.

Mafundi tunabishana sana kuhusu rangi, mwandiko, na lugha gani ya programu ni bora. Hili la jina linapitwa kimyakimya, na ndilo linalowaumiza watu. Siku hizi sigusi kazi kabla mteja hajakaa karibu yangu akalisajili jina mwenyewe, kwa simu yake.

Ndivyo tulivyofanya leo. Jina la zamani limo kwenye akaunti ya mwingine na sina njia ya kuliingilia, basi tukachukua jipya linalofanana nalo. Kufungua barua pepe tu kumetuchukua karibu saa nzima, maana vidole vyake ni vinene na kioo cha simu kimepasuka, lakini kila herufi kaiandika yeye.

Kisha picha. Alikuwa nazo 14, kila moja kama MB 5. Zikipanda hivyo, mteja wa Mbagala anayefungua ukurasa ule anaunguza MB 70 za bando kabla hajaona bei. Nilipoanza kuzipunguza mzee akashtuka: "Sasa mkongo wangu utaonekana?" Nikamfungulia picha moja iliyopungua hadi KB 140. Akaisogeza karibu na macho, akafuata mistari ya mbao kwa kidole. Inaonekana.

Malipo katuma kwa M-Pesa kabla sijafunga begi.

Nikamwambia jina hili litaisha mwakani tarehe kama ya leo, na ujumbe wa kumkumbusha utakuja kwake, si kwangu. Akachomoa penseli sikioni, akaenda kwenye ukuta wa plaiwudi anapoandika oda, akaiandika tarehe chini ya namba ya muuza mbao. Akapigia mistari miwili.